Kiatu Kilichokutwa Dohanini

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Mafundi wamekuja leo kufunga jiko jipya la kuni pale baa. Saa nne asubuhi nilikuwa juu, chumba namba nne, natandika. Nikasikia Giles, bosi wangu, anapiga ukelele kama aliyekuta panya kwenye sufuria. Nikashuka na mto mkononi. Fundi amepiga magoti mekoni, masizi mpaka kwenye kope, ameshika kiatu.

Kiatu cha mtoto. Cha mguu wa kushoto. Ngozi nyeusi, imekakamaa, vifungo vinne ubavuni na kimoja hakipo. Kisiginoni misumari mitatu ya shaba, imepigwa pembetatu.

Nilikijua hapo hapo, kabla hata hakijapanguswa. Ni changu.

Baba alisema kiatu cha dohani hakisemwi. Ndivyo waashi wa zamani wa huku walivyoshika: ukijenga dohani, unaficha ndani yake kiatu kilichokwisha kuvaliwa, kiwazuie wabaya wasishuke kwa njia ya moshi. Na ukishataja kilipo, kinga imekwisha. Baba hakuwa mtu wa ushirikina, hata kanisani alikwenda kwa ajili ya kuimba tu, lakini dohani bila kiatu hakujenga hata moja. Nami nilikuwa na miaka saba. Nikaapa. Nimekaa na siri hiyo miaka sitini na miwili, mpaka mdomo umezoea.

Nyuma ya kiatu kulikuwa na tofali lenye herufi mbili zilizokwaruzwa kwa ncha ya msumari: C.S. Cyril Stobart. Baba yangu. Giles alizipapasa kwa kidole, polepole, kama mtu anayekomba sahani.

Naijua ile sura. Giles aliinunua Korongo na Ndoo, nyumba hii ya wageni, miaka miwili iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa London anauza bima. Tangu aje tumepata mizuka mitatu. Kuna mpanda farasi asiye na kichwa, uani, penye mapipa ya taka. Kuna mtawa – na hapa kijijini Kelderby hapajawahi kuwa na nyumba ya watawa tangu dunia iumbwe. Na kuna Bibi wa Kijivu wa chumba namba nne, anayegonga ukuta kila alfajiri. Huyo ni bomba la maji ya moto. Nimemwambia Giles mara ngapi! Akanijibu kwamba hakuna mgeni anayetoka mbali kuja kusikiliza bomba.

Jumatano, 9 Oktoba

Giles kamleta mama mmoja wa mjini, anauza vitu vya kale. Akavaa glavu nyeupe kushika kiatu nilichokanyagia mavi ya bata. Akakigeuza, akakinusa – akakinusa! – akasema kina miaka zaidi ya mia na ishirini.

Na ni kweli. Hilo ndilo linaloniudhi. Kilikuwa cha bibi yangu mzaa mama alipokuwa mtoto. Akakivaa mama. Kikaja kwangu. Dohani yenyewe ni ya mwaka 1962, ilijengwa upya baada ya dhoruba kuiangusha ile ya kwanza. Kiatu ni kikuu kuliko dohani! Wala mama wa glavu hakuliona hilo, wala Giles. Hawa ni watu ambao kiatu kikipitwa na mtindo kinatupwa. Haikuwapitia akilini kwamba maskini huvaa kiatu kimoja vizazi vitatu.

Nilipokuwa napita na ndoo, Giles alikuwa anamuuliza kama zamani watoto walijengewa ukutani. Mama akasema hajapata kusikia. Giles akasema, lakini huwezi kuapa kwamba haikutokea, sivyo? Mama akavua glavu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Amezaliwa. Anaitwa Tabitha.

Kuna ubao mpya mlangoni, maandishi ya mapambo. Tabitha alikuwa na miaka sita. Baba yake, Caleb Scragg, mwashi mlevi wa kijiji hiki, alichoshwa na kilio chake cha njaa. Akamtia kwenye dohani aliyokuwa anaijenga, hai, akaziba, akaandika herufi za jina lake kwa majivuno, akaketi chini yake kunywa bia. Usiku wa upepo mtoto analia. Kilichobaki ni kiatu.

Nimeusoma mara mbili. Mara ya pili ikabidi nitoke nje. Baba yangu! Mtu aliyekuwa akimtoa nyuki dirishani kwa gazeti ili asiumie.

Giles ameniuliza kama umenipendeza. Nikamwambia kuna kosa la herufi mstari wa nne. Hakuna. Kakaa nusu saa analitafuta.

Jumanne, 15 Oktoba

Ala! Sasa kuna na desturi. Tofali la C.S. limewekwa juu ya meko, mbele kabisa, na kando yake umetundikwa upawa wa shaba wa jikoni. Kila mgeni anauchukua, analipiga tofali mara moja, anasema "Aibu yako, Caleb." Giles anawaambia ni desturi ya kale ya nyumba hii. Ya kale tangu Jumamosi! Nilikuwa napangusa meza wakati kundi la wanawake kumi na wawili wanapokezana. Ngo. Ngo. Ngo. Mmoja akalipiga mara tatu, wenzake wakamshangilia. Herufi ya C imeanza kumeguka.

Na wanamletea Tabitha zawadi. Dirishani chumba namba nne leo nimekuta wanasesere wanne, gari dogo la moto, soksi za sufu, na peremende zilizoyeyuka juu ya kitambaa nilichokipiga pasi kwa mkono. Nimekwangua sukari kwa kisu dakika ishirini. Panya watafuata, naapa.

Peremende zilizobaki nimezila. Ni zangu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo nimemsikia Wilf kwa masikio yangu.

Wilf Garbutt ana miaka themanini na minne na hana jino la mbele. Alipokuwa kijana alikuwa kibarua wa baba. Ni yeye aliyeshika ngazi siku ile. Ni yeye aliyempa baba kiatu mkononi, juu kule. Chini ya jua hakuna mtu mwingine aliye hai anayelijua hilo ila mimi na yeye.

Naye ameketi pale pale chini ya dohani, kofia magotini, bia mbele yake, anawasimulia watu wa mbali jinsi alivyokuwa akimsikia Tabitha akilia tangu utotoni. Sauti inatetemeka. Anafuta jicho! Mwanamke mmoja akamshika mkono. Mumewe akaenda kumwongezea bia. Mzee huyu nilimpelekea supu wiki tatu alipovunjika nyonga.

Nikamngoja nje, penye mapipa. Nikamuuliza anafanya nini.

"Ah, binti, ni mchezo tu. Baba yako angecheka."

Nikamwambia baba yangu anaitwa muuaji mle ndani, na yeye anakula kiapo juu yake. Akatazama viatu vyake. Halafu akatoa neno ambalo sitalisahau:

"Mimi nilimwapia Cyril sitasema habari ya kiatu. Na sijasema. Nimesema habari ya mtoto."

Uso mkavu kabisa! Nimekaa na hasira jioni nzima na sijui niiweke wapi. Afadhali mwongo wa kawaida kuliko mwongo anayeshika ahadi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimemwambia Glenys.

Sikukusudia. Glenys ndiye mpishi, Mwelshi, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa na amenizikia mume kwa mikono yake, maana sandwichi za matanga alizikata peke yake. Alikuwa anakanda unga wa skonzi. Akasema tunahitaji skonzi mia na ishirini kwa tarehe tatu, kwa Chai ya Tabitha, karamu aliyoitangaza Giles, watu wameshajiandikisha wote. Akasema maskini yule mtoto. Ndipo likanitoka. Nikasema mtoto ni mimi, Glenys. Kiatu ni changu na C.S. ni baba.

Akaketi kwenye gunia la viazi. Akalia, kweli kabisa, unga mashavuni. Nikafikiri, angalau mmoja.

Kisha akanishika kiganja. Akaniambia kitu ambacho Giles hajakisema mbele yetu: kabla ya kiatu, nyumba ilikuwa ifungwe kabla ya Krismasi. Barua ilikuwa imeshaandikwa. Duka la kijiji limefungwa, posta imefungwa, basi linapita Jumanne na Ijumaa tu. Ikifungwa Korongo hapana pengine pa kufanya kazi mpaka mjini, na yeye macho yake hayamruhusu tena kuendesha gari. Sasa vyumba vyote vimejaa mpaka Februari.

"Baba yako amekufa, dada," akasema. "Mimi nipo hai."

Nimerudi nyumbani na neno hilo, nimekula nalo. Kibaya ni kwamba simchukii. Ningemchukia ingekuwa rahisi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nikaona nijaribu katikati. Nisiseme kiatu ni cha nani, Glenys abaki na kazi yake, na baba aachwe. Nikaenda ofisini kwa Giles. Nikamwambia: Tabitha abaki. Alie, apige ukuta, afanye atakalo. Lakini mumwondoe yule baba. Semeni mtoto alikufa kwa surua. Na upawa urudi jikoni.

Akanisikiliza kichwa upande, kama daktari wa wanyama. Akasema, Beryl mpenzi, hapana. (Mpenzi gani? Nina miaka sitini na tisa na nimekisugua choo chake asubuhi ile.) Akasema surua haina mvuto. Watu wanataka mtu wa kumchukia. Mzuka bila mkosaji ni kama chai bila maziwa.

Nikamuuliza, na kama huyo C.S. alikuwa mtu wa kweli, mtu mwema, ana watu wake?

"Wa miaka mia na ishirini iliyopita? Nani atalalamika?"

Akacheka. Halafu akapata wazo. Nililiona likija usoni mwake nikatamani sakafu inimeze. Ananitaka mimi, siku ya Chai, nivae kofia ya kizamani na aproni, niwe mama yake Tabitha! Nipite kati ya meza nikiuliza, mmemwona mwanangu? Anasema nina sura inayofaa.

Nimemwambia nitafikiri. Nimeenda chooni nikanawa mikono mpaka viwiko.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma leo. Giza linaingia mapema. Nikaenda makaburini baada ya chakula cha mchana, wakati bado kuna mwanga, kumpelekea baba maua yake.

Juu ya kaburi kuna upawa.

Si ule wa Giles. Wa plastiki, wa dukani, umechomekwa kwenye udongo karibu na kichwa chake. Na kwenye jiwe, juu ya C ya Cyril, mtu amebandika bazoka iliyotafunwa. Ya waridi. Ina alama za meno.

Jiwe limeandikwa wazi: amezaliwa 1921, amekufa 1981. Wajinga hawa hawakusoma hata tarehe. Wameona C, wameona S, imewatosha. Nikapiga magoti nikaibandua kwa kucha. Imenasa kwenye herufi, nikatumia kipini cha nywele. Mate ya mtu nisiyemjua vidoleni mwangu, na baba chini yangu. Nikamwomba radhi. Kwa sauti. Mchungaji alikuwa anapita na baiskeli, akajifanya hakuona.

Nataka kuliandika jinsi lilivyokuwa. Sijapata kuliandika popote.

Shuleni waliniita Bibi Kizee. Kwa sababu ya vile viatu. Mwaka 1962 hapakuwa na mtoto mwingine Kelderby mwenye viatu vya vifungo, vya enzi za mababu. Walinifuata nyuma wakitembea wamejipinda, wakitafuta mkongojo. Nilianza kuvivua nje ya lango na kuingia na soksi. Mwalimu akapeleka habari nyumbani. Mama akasema viatu ni vizima, ngozi nzuri, yeye alivivaa na hakufa. Na kweli, senti ya kuchezea haikuwapo. Baba akachukua nyundo akavitia misumari ya shaba kisiginoni, mitatu mitatu, vimetamete, akidhani labda nitavipenda.

Sikuvipenda. Nililia juu ya misumari yake.

Wiki ile alikuwa anamalizia dohani ya Korongo. Nilipopita pale kutoka shule akashuka ngazini, akapiga goti, akanivua cha kushoto. Nikasimama kwa mguu mmoja matopeni. Akampa Wilf, yeye mwenyewe akapanda, Wilf akamfikishia. Nikasikia tofali likigongwa mahali pake. Kisha akashuka akaniambia, "Basi. Sasa mama yako hana ujanja. Kiatu kimoja hakiendi shule."

Akanibeba mgongoni mpaka nyumbani. Akamwambia mama kimepotea mtoni, nami nikaapa kwamba sitasema, kwa sababu ya dohani, alisema, lakini alikuwa anacheka kidogo. Jumamosi nikapata viatu vipya vya kamba, kahawia. Mama hakusadiki ya mto. Akakiweka kile cha kulia kwenye mkebe wa biskuti, eti mwenzake atarudi. Alikaa nacho mpaka anakufa. Sasa mkebe uko chini ya kitanda changu.

Hilo ndilo jambo baya kuliko yote ambalo Cyril Stobart alifanya juu ya mwanawe na dohani.

Jumatano, 30 Oktoba

Wilf amebisha hodi saa tisa. Ana mfuko wa pea za bustanini kwake, kofia mkononi. Nikamwacha aingie kwa sababu kulikuwa na mvua.

Amesikia kutoka kwa Glenys kwamba nataka kusema ukweli siku ya Chai. Akaanza mbali, habari za nyonga yake, habari za pea. Kisha akafika. Akasema nikisema, nitamfanya mwongo mbele ya kijiji kizima, katika umri wake. Watu humsikiliza siku hizi. Miaka sita tangu mkewe afe hapakuwa na mtu aliyemsalimia pale baa ila kumwomba asogee. Sasa wanavuta viti. Alisema hayo huku akitazama mkeka wangu.

Nilimhurumia. Naandika ili nisijidanganye: nilimhurumia kweli. Na papo hapo nikaona kinyaa, kwa sababu alikuwa na hadithi ya kweli ya kuwasimulia, nzuri kuliko ile, na yeye mwenyewe yumo ndani, ameshika ngazi. Akachagua ile nyingine.

Nikamuuliza jambo moja tu. Baba alimlipa nini siku ile ili anyamaze?

"Hakunilipa. Aliniomba tu."

Sikumpa chai. Hata birika sikuligusa. Amekaa robo saa sebuleni kwangu, koti limelowa, bila kikombe, na sote wawili tulijua maana yake. Hapa Kelderby hilo ni zaidi ya kofi. Akaondoka. Pea ameziacha.

Alhamisi, 31 Oktoba

Wamekuja na basi zima, wamejipaka masizi usoni. Tofali limepigwa tangu mchana. C haisomeki tena.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimekitoa kile cha kulia kwenye mkebe. Nimekipaka mafuta, nimekisugua kwa kitambaa. Misumari mitatu imeng'aa. Nimeketi nacho mapajani.

Glenys amepiga simu. Hakuuliza chochote. Akasema skonzi zimeumuka vizuri. Kisha akasema: "Fanya tu, Beryl. Lakini usinitazame utakapofanya." Akakata.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hawasemi nani anakaa mwisho wa hiyo njia akimngoja.

Jumapili, 3 Novemba

Naandika hapa hapa mezani. Meza ya pembeni, chini ya dirisha, mkoba magotini. Nimekataa kofia ya kizamani. Giles kamvika msichana wa mapokezi, anapita kati ya watu akiuliza, mmemwona mwanangu? Watu wanacheka na jamu midomoni.

Saa kumi alasiri na taa zimeshawashwa. Watu sitini. Kuna keki yenye umbo la dohani, na ndani yake – Mungu anisamehe – mwanasesere wa sukari. Wanaikata. Mtoto mmoja kapewa kichwa. Kiatu changu cha kushoto kiko katika kisanduku cha kioo juu ya mto mwekundu, kama meno ya mtakatifu. Harufu ya krimu, sufu iliyolowa na moshi.

Wilf yuko mahali pake. Wamevuta viti kumzunguka. Mwanamke kamuuliza, babu, ulimsikia kweli? Nilikuwa karibu, nikamwona akifungua mdomo. Akaniona. Akaufunga. Akasema koo linamwasha. Mwanamke akamwendea bia; bia imefika, hajaigusa.

Giles kasimama na maiki. Kasimulia yote. Mlevi, njaa, tofali, kilio. Ameongeza kipya: kwamba Caleb alimwimbia mtoto akiziba, ili asiogope. Watu wakaguna kwa uchungu mtamu. Baba alikuwa mwimbaji. Giles hajui hilo, amebahatisha tu, na bado nimehisi kama ameingia chumbani kwangu akafungua droo.

Sasa wamezima taa nusu. Upawa unatembea. Safari hii hawaendi mekoni. Giles ameliteremsha tofali, analibeba kwenye sinia la fedha, meza kwa meza, kila mtu anapiga akiwa ameketi na chai yake. Ngo. Aibu yako, Caleb. Ngo. Meza ya mlangoni imemaliza. Meza ya watalii wa Leeds. Vumbi jekundu linaanguka juu ya skonzi na wanalipuliza, wanaendelea kula.

S bado inasomeka. Nimeiona alipopita.

Glenys katoka jikoni na sinia jingine. Kanitazama mkoba. Kageuka ukutani, sinia mikononi, kasimama hivyo hivyo.

Nimekitoa. Kiko mezani, kati ya kikombe na sukari. Cha kulia. Mama wa meza ya jirani amekiona. Anatazama kisanduku cha kioo, anatazama huku, anatazama tena kule. Anamgusa mumewe.

Wilf kavua kofia. Anainuka, meza inamsaidia. Sijui anakuja huku au anakwenda nje.

Giles kafika. Hatazami meza, anatazama watu, anatabasamu nao. Tofali liko mbele ya pua yangu na ninaweza kuona mkwaruzo wa msumari wa baba, mahali mkono wake uliteleza. Ananipa upawa. Ni mzito kuliko nilivyodhani, na mpini una jasho la watu wote.

"Haya, Beryl mpenzi," anasema kwenye maiki. "Mpige."

Naweka kalamu chini.